Ethanoli ya kuchoma si ethanoli ya kutengenezea

KILA petroli inapoadimika vituoni na dola inapokosekana benki, wakubwa wa nchi zetu za Maziwa Makuu hukumbuka miwa. Hapa Burundi, ambako tangu mwaka 2021 wananchi wameijua vizuri adha ya foleni za mafuta, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini. Majirani nao wamepita njia hiyo hiyo. Kenya ilichanganya petroli na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni katika miaka ya 1980. Malawi ilianza mwaka 1982 huko Dwangwa. Tanzania ilipata mtambo wa kukeneka spiriti pale Kilombero mwaka 2013, na Uganda ikapitisha Sheria ya Nishati Mimea mwaka 2020.

Sasa wimbo umeongezewa ubeti. Tunaambiwa kwamba ethanoli si ya kunywa na kuchoma tu, bali inaweza kugeuzwa plastiki, rangi, gundi, nyuzi za nguo, mpira, hata mafuta ya ndege. Hilo ni kweli. Huko Triunfo, kusini mwa Brazil, kampuni ya Braskem ilifungua Septemba 2010 kiwanda cha kugeuza ethanoli ya miwa kuwa ethilini, gesi inayotengenezewa plastiki, chenye uwezo wa tani 200,000 kwa mwaka. India nayo ina kampuni ya India Glycols, mjini Kashipur, ambayo kwa zaidi ya miaka 30 imekuwa ikitengeneza kutoka kwenye ethanoli ya molasi kemikali zinazotumika katika nyuzi za poliesta na chupa za plastiki. Marekani, kampuni ya LanzaJet ilizindua mwaka 2024 huko Soperton, jimbo la Georgia, kiwanda cha kugeuza ethanoli kuwa mafuta ya ndege.

Makala haya hayapingi ndoto hiyo. Yanauliza swali moja ambalo silisikii likiulizwa katika mikutano yetu ya wawekezaji: hiyo ethanoli yetu ni safi kiasi gani, na ni safi kwa ajili ya kazi gani?

Msomaji asidhani ni swali la wataalamu peke yao. Jibu lake ndilo litakaloamua iwapo kiwanda kitafanya kazi miaka mitatu au miezi mitatu, na iwapo mkulima wa miwa atalipwa au atabaki na karatasi za madai mkononi.

Tuanze mwanzo. Molasi ni ule uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa kwenye juisi ya miwa. Hapa kwetu kiwanda cha SOSUMO, huko Moso, kinaujua vizuri. Ukiuchanganya na maji na kutia hamira, baada ya siku moja au mbili unapata pombe hafifu, yenye alkoholi isiyozidi sana asilimia 10. Pombe hiyo huchemshwa katika minara mirefu ili ikenekwe, na mwishoni hutoka spiriti ya asilimia 95 au 96. Zaidi ya hapo haipandi kwa kukeneka kwa kawaida. Ili kuyaondoa maji yaliyobaki lazima utumie mtambo mwingine wa kukausha.

Watu wengi wakisikia asilimia 96 hudhani kazi imekwisha, kwamba kilichobaki ni maji. Sivyo. Ndani ya hayo yaliyobaki kuna vitu vidogo vidogo ambavyo hamira na miwa na mtambo wenyewe vimeviacha. Nilikulia na kusoma Tanzania, katika makazi ya Mishamo, walikopelekwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Kabla sijafungua kitabu chochote cha kemia, nilikwishawasikia kina mama wapika gongo wakisema kwamba ya kwanza kutoka haifai kunywewa, na ya mwisho inanuka. Walikuwa sahihi. Vinavyotangulia kutoka ni vyepesi, kama asetaldehidi, yenye harufu kali inayochoma pua. Vinavyochelewa ni alkoholi nzito zenye harufu ya mafuta, ambazo hamira huzitengeneza kutokana na chembe za protini. Katikati ndiyo ethanoli.

Tofauti ni kwamba pua ya mpika gongo haiwezi kunusa potasiamu wala kloridi, na kiwanda cha kemikali kinaumwa na vitu hivyo pia.

Kwa nini kinaumwa? Kwa sababu moyo wa kiwanda hicho ni kichocheo. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Mara nyingi ni vidonge vidogo vya madini, tani kwa tani, vilivyojazwa katika mtungi wa chuma. Mvuke wa ethanoli hupita juu yake kwa joto kali na kutoka upande wa pili ukiwa kitu kingine. Ukipita juu ya alumina kwenye nyuzi joto 300 hadi 450, hutoka ethilini na maji. Ukipita juu ya shaba, hutoka hidrojeni pamoja na ethili asetati, kimiminika kinachotumika katika rangi, wino na gundi.

Kazi yote hufanyika juu ya uso wa vidonge hivyo. Uso ukizibwa, kazi inasimama, hata kama ndani ya vidonge madini yamejaa tele. Ndiyo maana uchafu mdogo sana unaweza kuua mtambo mkubwa sana.

Mfano wa kwanza ni salfa. Viwanda vingi vya sukari hutumia moshi wa salfa kuing'arisha sukari iwe nyeupe, na mabaki yake huingia kwenye molasi. Kisha mtu wa kuchachusha humimina asidi ya salfuriki kupunguza magadi na kuzuia vijidudu. Hamira nayo ina tabia ya kuigeuza salfa kuwa gesi yenye harufu ya mayai viza. Wapika wiski wa Uskoti wamejua kwa karne nyingi kwamba mtungi wa shaba hutoa kinywaji chenye harufu nzuri zaidi, kwa kuwa shaba huishika salfa na kubaki nayo. Basi shaba hiyo hiyo inayosafisha kinywaji ndiyo inayokufa katika kiwanda cha ethili asetati, kwa sababu ile ile: inaishika salfa na haiiachii.

Tupige hesabu. Kiwango cha Ulaya cha ethanoli ya kuchanganya na petroli, kiitwacho EN 15376, kinaruhusu salfa hadi miligramu 10 kwa kila kilo. Kwa gari hicho ni kiasi kidogo kabisa. Lakini chukua kiwanda kinachotumia tani 100 za ethanoli kwa siku. Miligramu 10 kwa kilo ni kilo moja ya salfa kila siku. Kikifanya kazi siku 330, ni kilo 330 kwa mwaka, na shaba haina mahali pa kuzitapika. Kiwango cha Marekani cha ethanoli ya mafuta kinaruhusu mara tatu ya hapo, yaani miligramu 30. Huo ni karibu tani nzima ya salfa kwa mwaka. Ethanoli ile ile iliyopasi mtihani wa petroli inafeli vibaya mtihani wa kemikali.

Mfano wa pili ni potasiamu na sodiamu. Molasi ina potasiamu nyingi, maana muwa huinyonya ardhini. Mtambo wa kukeneka ukiendeshwa kwa pupa, povu hupanda mnarani na kubeba chumvi hizo kwenda kwenye spiriti. Alumina hufanya kazi kwa sababu uso wake una tabia ya asidi. Potasiamu na sodiamu huiua asidi hiyo, kama vile majivu yanavyoua ukali wa ndimu.

Mfano wa tatu ni asetaldehidi yenyewe. Ikipashwa moto juu ya kichocheo, chembe zake huungana zenyewe kwa zenyewe, zikawa nzito, zikageuka masizi meusi yanayofunika vidonge. Sehemu nyingine huvunjika na kutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo ikisafiri na ethilini hadi kiwanda cha plastiki, huko nako inakuta kichocheo kingine ambacho hakivumilii hata sehemu chache kwa milioni. Methanoli na alkoholi nzito nazo hubadilika, kila moja kwa namna yake, na kutoa gesi zisizotakiwa ambazo lazima zitenganishwe kwa gharama.

Hapa lazima niweke jambo sawa, maana uchafu si neno la milele. Kitu kinachoitwa uchafu katika kiwanda kimoja ni malighafi katika kingine. Mwanasayansi wa Kirusi, Sergei Lebedev, aliigeuza ethanoli kuwa butadaini, ambayo ndiyo mama wa mpira wa viwandani, na mwaka 1932 kiwanda cha Yaroslavl kikaanza kuzalisha mpira kwa njia hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani nao walitengeneza butadaini kutoka kwenye alkoholi, lakini wao walichanganya kwa makusudi ethanoli na asetaldehidi. Katika kiwanda chao asetaldehidi ilikuwa mgeni rasmi.

Maji yako hivyo hivyo. Kwa mchanganyaji wa petroli, maji ni adui namba moja, ndiyo maana kiwango cha Ulaya kinayabana chini ya asilimia 0.3. Lakini katika kutengeneza ethilini, maji hutoka yenyewe: kila kilo 46 za ethanoli zikigeuka zote hutoa kilo 28 za ethilini na kilo 18 za maji. Zaidi ya hayo, mara nyingi wenye viwanda huongeza mvuke wa maji kwa makusudi ili ubebe joto na kupunguza masizi. Kwa hiyo nchi ikinunua mtambo wa bei kubwa wa kukausha ethanoli, ikidhani inajiandaa kwa viwanda vya plastiki, itakuwa imelipia ukavu ambao mteja hauhitaji, na kuacha salfa ambayo mteja haitaki.

Hilo ndilo kosa ninaloliogopa. Mipango yetu huandikwa kwa lita. Kiwanda hiki kitatoa lita milioni kadhaa, kile kitatoa milioni kadhaa, jumla yake mabilioni ya faranga. Hakuna safu ya jedwali inayosema miligramu ngapi za salfa, ngapi za kloridi, ngapi za potasiamu. Lita tunazihesabu kwa sababu kodi huhesabiwa kwa lita.

Na tukitaja kodi, tumegusa donda jingine. Sheria karibu zote duniani zinataka alkoholi isiyo ya kunywa iharibiwe kwanza, ili mtu asikwepe ushuru kwa kuuza spiriti ya viwanda kama kinywaji. Spiriti ya rangi ya zambarau tunayoijua madukani ni mfano. Kanuni ya zamani ya Waingereza ilikuwa kutia methanoli, rangi na piridini, kimiminika chenye harufu mbaya ya kumfukuza mnywaji. Nia ni njema. Lakini piridini ni kinyume cha asidi, na ikiingia kwenye kichocheo cha alumina inafanya uharibifu ule ule wa potasiamu. Marekani huharibu ethanoli yake ya magari kwa kutia petroli kidogo, na petroli ina salfa yake. Yaani serikali kwa mkono mmoja inaalika mwekezaji wa kemikali, kwa mkono mwingine inamtilia sumu kwenye malighafi.

Dawa ipo: kiwanda cha kemikali kipewe ethanoli isiyoharibiwa, chini ya lakiri na usimamizi wa ofisa wa forodha, kwa hesabu ya kila tangi. Nchi zenye viwanda hivyo zina utaratibu wa namna hiyo. Hapa kwetu ni kazi ya OBR kukaa na wizara ya viwanda na kuuandika kabla mwekezaji hajafika, si baada ya kichocheo chake kufa.

Suala jingine ni usafirishaji. Burundi, Rwanda na Uganda hazina bahari. Malori yenye matangi hupanda kutoka Dar es Salaam na Mombasa yamejaa petroli na dizeli, na hurudi pwani matupu. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili ataona nafasi ya kubebea ethanoli safari ya kurudi. Bei itakuwa nafuu, lakini mabaki ya dizeli pembeni mwa tangi yatatosha kuharibu shehena nzima kwa mteja wa kemikali. Ikifika bandarini, ikipakiwa katika tangi la meli lililooshwa kwa maji ya bahari, inaongezewa kloridi. Mzigo uliotoka Moso au Jinja ukiwa msafi unaweza kufika Ulaya ukiwa haufai, na aliyepaki atakuwa hana ushahidi wa hali uliyotoka nayo.

Kuna watakaosema: mwalimu, tuanze kwanza na ethanoli ya petroli, mambo ya kemikali yatafuata. Sina ugomvi na kuanza na kidogo. Ila mtambo wa kukeneka hununuliwa mara moja katika miaka 20 au 30. Ukiununua bila mnara wa kutolea vile vyepesi vya mwanzo, bila mkondo wa pembeni wa kutolea alkoholi nzito, kuviongeza baadaye ni kama kuweka msingi nyumba ikiwa imekwishaezekwa. Vitu hivyo viwili vikitengwa vizuri vina wateja wao, maana alkoholi nzito huuzwa kwa watengenezaji wa viyeyushi na manukato.

Wengine watasema kwamba uchafu husafishika. Ni kweli. Salfa hunaswa kwa oksidi ya zinki, chumvi huondolewa kwa chembechembe maalumu za kubadilishana ioni, harufu hupunguzwa kwa mkaa, na kilichobaki hukenekwa tena. Lakini kila hatua ina bei. Zinki ikishiba hutupwa na kununuliwa nyingine, tena kwa dola. Kukeneka mara ya pili kunataka mvuke. Usafishaji wa bei nafuu kuliko wote ni ule wa mwanzoni: miwa ifike kiwandani mapema baada ya kukatwa, kabla vijidudu havijaanza kuitafuna na kuleta asidi, asidi ya salfuriki itumiwe kwa kipimo, matangi ya kuchachushia yaoshwe, mtambo usikimbizwe kupita uwezo wake. Hayo hayahitaji mkopo. Yanahitaji watu waliofundishwa na vipimo vya kila siku.

Vipimo ndivyo kiini cha hoja yangu. Mwaka 2020, wakati wa korona, dunia nzima ilikimbilia kutengeneza vitakasa mikono. Juni mwaka huo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ililazimika kuwaonya wananchi wake juu ya vitakasa mikono kutoka Mexico vilivyokutwa na methanoli, na watu walipoteza maisha na macho. Kama uchafu ulipenya kwenye soko lenye maabara nyingi kiasi hicho, sisi tunategemea nini? Mashine ya kromatografi ya gesi ndiyo inayoweza kutenganisha methanoli na ethanoli na kusema kila moja ni kiasi gani. Mashine hiyo hiyo inayomlinda mnywaji wa mtaani ndiyo inayomhakikishia mnunuzi wa kemikali kwamba spiriti yetu inafaa. Ni uwekezaji mmoja wenye faida mbili, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kiwanda.

Ushauri wangu, kwa hiyo, ni mfupi. Kwanza, mashirika ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani BBN ya hapa kwetu pamoja na TBS, KEBS, UNBS na RSB, yaandike kiwango cha pamoja cha ethanoli ya kutengenezea kemikali, tofauti na cha kinywaji na cha petroli. Cha kinywaji hutazama afya na ladha ya mnywaji, cha petroli hutazama injini. Hakuna kinachotazama kichocheo.

Pili, mikataba yote ya ethanoli ilipe kwa ubora, si kwa lita peke yake. Kiwanda cha sukari kinachotoa molasi yenye salfa kidogo kilipwe zaidi, na mkulima anayefikisha miwa mibichi alipwe zaidi. Asiyelipwa kwa usafi hana sababu ya kuhangaikia usafi.

Tatu, malori na matangi ya ethanoli ya kemikali yawe ya kazi hiyo tu, na kila shehena iondoke na sampuli iliyofungwa kwa lakiri, moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi.

Nne, tuchague bidhaa kwa kipimo chetu. Kiwanda cha ethilini kama cha Triunfo ni cha mashamba makubwa ya Brazil. Tena plastiki inayotokana na miwa ni ile ile ya mafuta ya petroli, haiozi, na mifuko yake imekwishapigwa marufuku katika nchi zetu nyingi. Ethili asetati kwa viwanda vya rangi, wino na gundi vilivyopo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam inaonekana kwangu kuwa mzigo tunaoweza kuubeba, mradi salfa idhibitiwe.

Tano, vijana wetu wafundishwe kupima. Wanafunzi wangu wanaweza kuandika kwa ufasaha kanuni ya ethanoli kugeuka ethilini. Karibu wote watamaliza shule bila kugusa mashine inayoweza kuwaambia ndani ya chupa mna nini hasa. Nchi ya namna hiyo itauza ethanoli yake kwa neno la mnunuzi, na mnunuzi akisema ni chafu, bei itashuka na hatutakuwa na la kumjibu.